Klabu ya kuzamia Nairobi: namna ya kuwashika wanachama mwaka mzima

Kutoka Nairobi hadi bahari ya karibu ni kama kilomita 480. Mtu husomea kuzamia Diani au Watamu, akarudi na cheti, na kwa wiki mbili hana hadithi nyingine. Kisha miwani inaingia kabatini na haitoki. Mwaka ukipita anaogopa kurudi majini kwa sababu anajua amesahau, na anaona haya kusema kwamba amesahau. Klabu za bara hupoteza watu hasa katika miezi hiyo mirefu kati ya safari na safari, pasipo na la kufanya wala wa kumuuliza mwenzake mbona haonekani.

Umbali peke yake hauui kuzamia. PADI, shirika linalojulikana kuliko yote ya kufundisha wazamiaji, lilianzishwa mwaka 1966 na John Cronin na Ralph Erickson katika jimbo la Illinois, katikati ya bara la Marekani. BSAC, klabu ya kuzamia ya Uingereza iliyoanza London mwaka 1953, ilikuza wanachama wake kwa jioni za bwawani majira ya baridi yote. Kinachowashika watu ni mambo mawili yanayotegemeana: jioni moja ya bwawani kila wiki yenye kazi maalumu, na tarehe ya bahari ambayo watu wameshailipia arubuni. Bwawa lisilo na tarehe ya bahari mbele yake huchosha upesi, na safari ya bahari isiyotanguliwa na bwawa huenda na watu wanaohangaika chini, wakarudi wakiamini kuzamia si kwao.

Hesabu zilizomo humu ni za Nairobi. Walio Arusha, Kampala au Kigali wanaweza kuzitumia kwa mabadiliko madogo, maana nao wako juu sana ya usawa wa bahari.

Kupata bwawa na kulishika

Tafuta bwawa lenye kina cha mita 2.5 hadi 3 upande mmoja na mita 1.2 upande wa pili. La hoteli lenye mita 1.8 linatosha kuanzia, ila mazoezi ya kupanda na ya kurusha boya yatabana. Chagua siku ya katikati ya wiki, baada ya waogeleaji wa kawaida kuondoka, tuseme saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, na siku hiyo isihamishwe hata kama wamekuja watu watatu tu. Jumatano ikihamishwa mara mbili, watu huanza kuuliza kama leo kuna mazoezi, na anayeuliza huwa ameshapanga mambo mengine.

Meneja wa bwawa ana hofu nne, na ni vizuri umwendee na majibu yake mkononi. Anaogopa mitungi ivunje vigae: kila mtungi uwe na kiatu cha mpira chini, na uletewe mkeka mzito wa kuwekea ukingoni. Anaogopa vifaa vyenye mchanga na chumvi vichafue maji: vioshwe nyumbani kabla ya kuja. Anaogopa mlinzi wa waogeleaji atataka malipo ya ziada: lipeni ninyi, na msiingie majini pasipo yeye hata kama nyote mna vyeti. Anaogopa ajali: mwandikie barua inayotaja msimamizi wa jioni kwa jina, sanduku la huduma ya kwanza na mtungi wa oksijeni vitakapokaa, na hospitali mtakayokimbilia. Lipa kwa robo mwaka, si kwa jioni. Ukilipa kwa jioni, sherehe ya kwanza ya harusi itakutoa.

Kuna adui mmoja ambaye klabu nyingi hazimhesabu, nalo ni baridi. Bwawa lisilopashwa moto Nairobi mwezi Julai humtetemesha mtu aliyetulia bila kuogelea, na mazoezi ya kuzamia mengi ni ya kutulia. Aliyeshikwa na baridi hasemi kitu, ila wiki inayofuata haji. Kuanzia Juni hadi Agosti kila mtu avae suti ya milimita 5, muda wa majini upunguzwe hadi dakika 40, na chai ya moto iwe tayari kwenye chupa kabla ya mtu wa kwanza kutoka majini.

Vifaa na hewa

Watu wanane wanaweza kufanya mazoezi kwa seti nne: mitungi minne ya lita 12, regyuleta nne (vifaa vya kupumulia hewa ya mtungi) zenye mdomo wa akiba, jaketi nne za kuelea za saizi ya kati na kubwa, na risasi, yaani madini mazito ya kumsaidia mtu kuzama, kilo 30 kwa vipande vya kilo 1. Miwani, snokeli (mrija wa kupumulia juu ya maji) na mapezi kila mtu aje na vyake. Huo ndio ununuzi wa kwanza unaomfunga mtu na mchezo, na miwani inayomkaa vizuri usoni huondoa nusu ya hofu.

Seti nne zinatosha kwa sababu hii. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Ukiacha bar 50 za akiba, za kutumia ni lita 1,800. Anayeanza hupumua kama lita 25 kwa dakika, kwa hiyo katika bwawa la mita 2 mtungi mmoja una dakika 70 hivi. Wawili wanapokezana nusu saa nusu saa: mmoja anafanya, mwenzake yuko juu na snokeli akimtazama na kuandika. Huyo wa juu hujifunza karibu sawa na wa chini.

Hewa yenyewe ndiyo kikwazo kikubwa bara. Pwani kila kituo cha kuzamia kina kompresa, ilhali Nairobi inabidi utafute. Wenye mitungi ya hewa ya wazimamoto wanazo kompresa za hewa ya kupumua, lakini mitungi yao mingi hujazwa bar 300. Simama karibu mtungi wako unapojazwa, na mwambie mjazaji bar 200 kwa mdomo na kwa maandishi yaliyobandikwa begani mwa mtungi. Usijaze kwa kompresa ya gereji au ya rangi ya magari. Hewa yake ina mafuta, na kaboni monoksidi haina harufu, kwa hiyo kunusa hakukuambii kitu. Kiwango cha Ulaya cha EN 12021 hakiruhusu kaboni monoksidi kupita sehemu 5 kwa milioni. Mwulize mjazaji cheti cha kipimo cha hewa, na kama hana, tafuta mwingine.

Klabu ikinunua kompresa yake, ijue kwamba hewa ya Nairobi ni nyepesi. Kompresa ndogo inayovuta lita 100 kwa dakika hujaza zile lita 1,800 kwa dakika 18 ikiwa Mombasa, lakini Nairobi ni kama dakika 22. Isilazimishwe kwenda mfululizo ili kufidia. Iachwe ipoe, kichujio kibadilishwe kwa saa zilizoandikwa na mtengenezaji, na mdomo wa kuvutia hewa uwe mbali na jenereta na maegesho. Mitungi ikaguliwe ndani kila mwaka na ipimwe kwa maji kila miaka 5, tarehe igongwe begani.

Bwawa la Nairobi ni gumu kuliko bahari

Hili ndilo jambo ambalo wakufunzi wa bara wangelisema kila jioni, maana linageuza bwawa kutoka kuwa mbadala dhaifu hadi kuwa shule yenyewe.

Katika mwinuko wa mita 1,700, uzito wa hewa juu ya maji ni karibu bar 0.82, wakati pwani ni bar 1.01. Ukishuka mita 2 katika bwawa la Nairobi unafika bar 1.02, yaani mgandamizo uleule wa mtu aliyesimama mchangani Diani. Sasa angalia kinachotokea ukipanda. Kutoka mita 2 hadi juu, hewa iliyomo ndani ya jaketi na mapafu hutanuka kama asilimia 24 Nairobi. Pwani ingetanuka asilimia 19. Na kwenye mwamba wa mita 15, kupanda mita 2 kunaitanua chini ya asilimia 9 tu. Anayeweza kutulia tuli katika mita 2 za Nairobi, bila kugusa sakafu wala kuchomoza juu, akifika mita 15 atashangaa jinsi maji yanavyomtii.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni hatari. Mapafu yaliyojazwa katika mita 3 Nairobi hutanuka asilimia 36 mtu akipanda huku amezuia pumzi. Mapafu yanaweza kupasuka hata katika kina kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo ile kanuni ya kutozuia pumzi ukiwa na mtungi haina likizo kwa sababu ni bwawa, na asiye na cheti asipewe regyuleta ajaribu kidogo isipokuwa mkufunzi mwenye leseni yuko naye majini. Mazoezi ya wenye vyeti ni kitu kimoja, darasa la wageni ni kitu kingine, na mlangoni ijulikane leo ni lipi.

Washeni kompyuta za kuzamia, vile vifaa vya mkononi vinavyohesabu kina na muda, kabla ya kugusa maji ili zisome hewa ya mahali mlipo. Nyingi hujirekebisha zenyewe, ila iliyowashwa ikiwa tayari chini ya maji inaweza kuanza na hesabu isiyo sawa.

Jioni moja, dakika 90

Dakika 15 za kwanza ni nchi kavu. Msimamizi aandike ubaoni jambo moja la leo na sababu yake baharini. "Leo tunatulia mita 2 kwa dakika 3, kwa sababu Kisite kuna matumbawe ambayo pezi moja linayavunja." Jambo moja, si matano. Watu wakaguane vifaa wawili wawili, wafungue mtungi, wapumue mara nne huku wakitazama geji. Mshale ukicheza, valvu haijafunguliwa vya kutosha.

Ukiingia majini, anza na risasi, na kila mwezi rudieni. Mtu asimame wima katika maji marefu, jaketi tupu, apumue kawaida kisha ashike pumzi kwa muda mfupi akiwa juu ya maji: maji yafike kwenye macho. Akitoa pumzi, azame. Ikiwa mtungi umejaa aongeze kilo 2, kwa sababu zile lita 1,800 atakazotumia zina uzito wa zaidi ya kilo 2, na mwisho wa mbizi atakuwa mwepesi kwa kiasi hicho. Andika katika daftari lake: kilo ngapi, suti gani, mtungi gani. Baharini maji ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90 ataongeza kilo 2 na robo. Mwenye namba hii daftarini hafiki Diani akaongezewa kilo 8 na nahodha mwenye haraka, na mbizi yake ya kwanza baada ya mwaka haiwi vita.

Kisha kutulia. Mtu alale kifudifudi nusu mita juu ya sakafu, magoti yamekunjwa, mapezi juu, mikono mbele. Aongeze hewa katika jaketi kwa mibonyezo mifupi ya kitufe hadi akae, kisha aache kitufe kabisa na atumie mapafu. Lita moja ya pumzi ni kilo moja ya kuelea. Lakini mwili hauitiki papo hapo. Kati ya kuvuta pumzi na kupanda kuna sekunde mbili au tatu, na hapo ndipo karibu kila mtu hukosea: anavuta, haoni kitu, anavuta tena au anabonyeza kitufe, halafu vyote viwili vinamfika pamoja na kichwa kinatokea nje ya maji. Mwenzake wa juu amhesabie kwa vidole, moja mbili tatu, kabla hajafanya marekebisho yoyote. Miguu ikizama kila mara, risasi ziko chini sana kiunoni, basi hamisha kilo 1 au 2 hadi kwenye mkanda wa mtungi karibu na mabega. Mtu akiviringika upande, mtungi umelegea au risasi hazilingani.

Akishaweza dakika 3, mwekee kazi mikononi: afungue mafundo matatu katika kamba, aandike jina lake kwenye kibao, atoe miwani na kuirudisha, vyote bila kubadilisha kina kwa zaidi ya nusu mita. Funga mipira miwili ya rangi kwenye uzi ulionyooka kutoka sakafuni, mmoja katika mita 1.5 na mwingine mita 2, iwe mipaka yake. Hakuna hotuba itakayomwonyesha mtu alivyo kama ile mipira. Kwa waliozoea, pete ya bomba la plastiki yenye upana wa sentimita 90 itundikwe kwa risasi ndogo, wapite katikati kwa teke la chura bila kuigusa, halafu warudi kinyumenyume.

Mara moja kwa mwezi pimeni pumzi. Mtu aogelee taratibu katika mita 2 kwa dakika 20, ukiandika bar alizoanza nazo na alizomalizia. Akitumia bar 35 katika mtungi wa lita 12, hizo ni lita 420, yaani 21 kwa dakika. Nairobi hapo hakuna cha kurekebisha, kwa kuwa mgandamizo ni bar 1 tu. Katika mita 15 baharini zidisha kwa 2.5: lita 52.5 kwa dakika, na zile lita 1,800 zinaisha kwa dakika 34. Mwanachama akiona 21 yake imekuwa 18, ameongeza karibu dakika 6 za mwambani bila kulipa senti. Namba hii ndiyo inayowarudisha watu Jumatano kwa Jumatano kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ni yao na inasogea.

Boya la kuashiria nalo lipewe jioni zake. Miamba mingi ya pwani yetu huzamiwa kwa kufuata mkondo, na mtumbwi au boti hukufuata kwa kuona boya. Makosa ni yaleyale: uzi umejizungushia kidole au geji, mtu anapulizia boya huku jaketi halijapunguzwa hewa, basi vinapanda vyote vitatu, yeye, boya na uzi. Katika mita 3 pulizia pumzi moja tu, uzi uwe mbele na juu, kisha liache gurudumu la uzi lizunguke mkononi.

Wiki ambayo hewa haikupatikana

Jioni isivunjwe kwa sababu mitungi ni mitupu. Mapezi, miwani na snokeli vinatosha kwa hoki ya chini ya maji, mchezo ulioanzishwa Uingereza mwaka 1954 na Alan Blake ili wazamiaji wasikimbie klabu wakati wa baridi. Timu ina wachezaji sita majini, kila mmoja na kijiti kifupi cha mkono mmoja, wakisukuma kisahani kizito cha kama kilo 1.3 sakafuni. Wanne kwa wanne wanatosha. Vijiti vichongwe kwa mbao ya sentimita 30 hivi, vidole vifunikwe kwa glavu nene, maana kisahani kikigonga fundo la kidole mchezo umeisha. Sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kupumua haraka haraka kabla ya kupiga mbizi. Kunaondoa kaboni dayoksaidi inayokuamuru upumue, na mtu huzimia chini bila onyo. Mwenzako akishuka, mmoja awe juu akimtazama.

Nje ya maji

Mara moja kwa mwezi kutaneni pakavu, mahali penye meza na taa nzuri. Samaki ndio somo linalonoga. Chukueni aina tano kwa kikao, mjifunze umbo kabla ya rangi: mdomo wa pono kama wa kasuku, kikande anayefunga mwiba wa mgongoni, kangaja mwenye kisu kidogo kwenye shina la mkia, puju mwenye pembe usoni, mkundaji anayefukua mchanga kwa ndevu mbili kidevuni. Chewa, mkunga, bunju na kolekole wafuate. Mtu aliyekuwa akiona samaki wa rangi rangi tu sasa anaona nani anakula nini, na mbizi ya dakika 40 humtosha kuzungumzia mwezi mzima. Agizeni kila mtu arudi kutoka safarini na kibao chenye majina kumi aliyowaona kwa uhakika.

Kikao kingine kiwe cha jedwali la maji. Watu wa bara wengi hawajui kwamba bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Mikondo inakuwa na nguvu na maji yanayotoka kwenye vijito huleta tope. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mikondo hulegea na mara nyingi maji huwa meupe zaidi. Mpeni mwanachama mmoja kalenda na jedwali, achague wikendi tatu za mwaka, atetee uchaguzi wake mbele ya wengine.

Safari

Panga tarehe za mwaka mzima mwezi wa Januari, na usiiache bahari izidi miezi minne bila kwendwa. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndiyo majira ya maji tulivu. Masika na kusi kali, hasa Mei hadi Julai, ni miezi ya bwawa, na vituo vingine vya pwani hufunga wakati huo. Kuanzia Agosti mambo hutengemaa, na nyangumi hupita.

Zungusheni mahali ili mwenye mbizi kumi na mwenye mbizi mia wote wawe na sababu ya kwenda. Shimoni na Kisite kwa matumbawe na wapya. Watamu kwa hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Mombasa kwa MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, ambayo sakafu yake iko karibu mita 30 na inahitaji cheti cha juu. Meli hiyo ni chambo kizuri: mtu wa ngazi ya kwanza, ambaye kikomo chake ni mita 18, hukaa klabuni mwaka mzima akijiandaa nayo.

Sasa ratiba, na hapa pana kosa linaloweza kumlemaza mtu. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Kurudi huko kwa treni au kwa gari baada ya kuzamia ni sawa na kupanda ndege, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini hutoka kwa mapovu hewa ikipungua. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unasema usubiri saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima (kusimama majini wakati wa kupanda ili naitrojeni itoke), saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa, na zaidi sana ya 18 ikiwa ulilazimika kusimama kwa vituo. Mwinuko unaohusika huanzia mita 610, na barabara ya Nairobi huuvuka mara tu baada ya Voi. Kwa hiyo safari ya kawaida ya wikendi, treni ya Ijumaa usiku na kurudi Jumapili, ina mbizi za Jumamosi tu. Mbizi ya pili iishe saa sita na nusu mchana. Saa 18 zinatimia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumapili, na treni ya Jumapili alasiri inakupa nafasi ya ziada. Jumapili asubuhi ni ya snokeli ndani ya mwamba. Atakayesema mbizi moja ndogo ya Jumapili haina neno, msimamizi amkatalie mbele ya wote, na kanuni hii iandikwe kwenye fomu ya malipo ili isiwe ugomvi ufukweni.

Kwa watu wa mara ya kwanza safari ya siku tatu ni bora: Alhamisi usiku mnashuka, mnazamia Ijumaa na Jumamosi. Kituo cha treni kiko Miritini, na kwa Diani mnaweza kupita Dongo Kundu badala ya feri ya Likoni, jambo linalookoa asubuhi nzima. Arubuni ya nusu ilipwe wiki sita kabla, bila kurudishwa isipokuwa mwingine amechukua nafasi. Tamaa ya kwenda kila mtu anayo. Arubuni ndiyo inayoonyesha nani atakuwa kwenye treni.

Maziwa yetu yasitumiwe kama njia ya mkato. Victoria ni ya tope na ina kichocho, mamba na viboko. Tanganyika pale Kigoma ni habari nyingine, maji meupe na samaki wasiopatikana kwingine, lakini iko mita 773 juu ya bahari na inahitaji kompyuta au majedwali ya mwinuko, pamoja na wenyeji wanaojua mamba wanakaa wapi.

Watu

Kila mwanachama awe na kazi, hata ndogo: mitungi, daftari la pumzi, chai, mkusanyo wa picha, barua kwa meneja. Mwenye ufunguo wa stoo haachi kuja. Kazi zibadilishwe kila miezi sita, la sivyo wawili watabeba klabu hadi wachoke, na wakiondoka wote wameondoka.

Wapya wengi wa bara hawajui kuogelea, wala si aibu. Kozi ya kwanza ya PADI inadai kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, basi klabu iwe na mwalimu wa kuogelea nusu saa kabla ya mazoezi. Watoto wa miaka 8 wanaweza kujaribu mtungi bwawani hadi mita 2 pamoja na mkufunzi, na mtoto akija, mzazi haachi. Kila anayejaribu ajaze fomu ya afya: pumu, moyo, kifafa, masikio. Mwenye mafua siku hiyo abaki na snokeli juu ya maji.

Aliyekosa wiki tatu apigiwe simu na mtu mmoja anayemfahamu, asitajwe mbele ya kundi zima. Aliyekosa mwaka mzima asirudishwe katika zoezi la wengine. Mpe dakika 45 peke yake na mwenzake mmoja: aunganishe vifaa mwenyewe, apime risasi, ajaze miwani maji na kuitoa, atoe regyuleta mdomoni na kuirudisha huku akitoa mapovu, apumue kwa mdomo wa akiba wa mwenzake na kupanda naye, kisha atulie dakika moja. Mwili hukumbuka upesi kuliko alivyodhani. Akitoka majini, mwonyeshe namba yake ya zamani ya risasi katika daftari, na umwulize kama nafasi mbili zilizobaki za safari ya Novemba zinamfaa yeye na mtu wake.